Boti Niliyoipata kwa Shamba la Baba

Jumanne, tarehe kumi na tatu Mei. Usiku mvua ilinyesha bila upepo. Kulipokucha ikaacha, lakini milima haikuonekana, mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mikonge ya ng'ambo. Mto umejaa, maji yana rangi ya udongo, yanabeba mabua na matawi.

Nimeanza na hali ya hewa kwa sababu hiyo naijua kwa hakika. Yanayofuata sina hakika nayo yote. Mimi niliishia darasa la saba, na nikiandika jambo linalomhusu mtu mwingine naogopa nisije nikampa sura isiyo yake. Nitaandika nilichoona na nilichosikia. Pale nisipojua, nitasema sijui.

Boti yangu ni ya mbao, na injini yake iko ndani. Imekaa katikati, chini ya sanduku ambalo abiria hulifanya benchi. Nyuma ya injini iko gia boksi, kitu kidogo tu, ukubwa wa kichwa cha mbuzi, na hiyo ndiyo inayopeleka nguvu kwenye shafti mpaka kwenye pangaboi kule nyuma majini. Injini ikiwa nzima na gia ikawa mbovu, una kelele tu, huna boti. Navusha watu wenye mashamba ng'ambo ya mto, chini ya mji wa Korogwe, pale mto unapotulia na kupanuka. Kiangazi wanavuka kwa mitumbwi, hawana haja na mimi. Masika ndiyo msimu wangu. Napakia watu, magunia, machungwa, baiskeli, na mara mojamoja mbuzi. Maji yakiwa hivi, na viboko wamo, hakuna anayetaka mtumbwi.

Boti hii sikuinunua. Nilibadilishana. Nilitoa shamba aliloniachia baba kule Mkata, upande wa Handeni, shamba la mihogo lililofika mpaka kwenye barabara kuu ya mabasi. Aliyelichukua shamba akanipa boti ni mwenzangu wa jando.

Hili nilieleze kidogo. Sisi ni Wazigua. Mimi na yeye tuliingia jando siku moja, tukalala kwenye kibanda kimoja porini mpaka tukapona, tukila chungu kimoja. Mengi ya kule hayaandikwi, na mimi sitayaandika. Moja naweza kulisema kwa sababu kwetu hata wanawake wanalijua: tuliotoka pamoja hatushitakiani. Si kwa balozi, si msikitini, si mahakamani. Likitokea jambo mnakaa wawili mnalimaliza. Likishindikana, mnalibeba wawili. Anayempeleka mwenzake wa jando mbele za watu huonekana kama mtu aliyevua nguo sokoni, na ile aibu inawashika wote wawili, mshitaki kuliko mshitakiwa.

Yeye alikaa pwani miaka mingi, akarudi na boti juu ya fuso. Akaendesha kivuko hapa misimu kadhaa. Halafu akachoka na mto, akataka kurudi kwao Mkata afungue biashara kando ya barabara. Mimi nimeoa huku, mke wangu ni Msambaa wa Mpale, tunakaa Manundu, yeye anauza mboga na ndizi. Shamba la Mkata nilikuwa nalifikia mara chache, na mihogo ilikuwa inaliwa na nguruwe. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kitu kilicho karibu zaidi na mwenzake. Nikitazama hata leo, naona yalikuwa mabadilishano ya haki. Yaani yangekuwa.

Kasoro moja ya boti nilikuwa naijua. Gia ilikuwa inalia. Ukiingiza mbele inatoa mlio mwembamba, kama mbu aliyeingia sikioni, na hauachi mpaka unafika ng'ambo. Nilimwambia, "Mwenzangu, huo mlio naogopa." Akasema ni oili imechakaa, ataibadilisha, nisiwe na wasiwasi.

Siku ya kukabidhiana ilipokaribia nilikwenda kwake jioni, kwenye nyumba aliyokuwa amepanga karibu na mto. Sikwenda mikono mitupu. Mama mkwe alikuwa ameshusha kutoka Mpale mkungu wa ndizi kipukusa, zimeiva mpaka zinanukia njia nzima. Tukala baadhi, tukacheka mambo ya zamani, nikalala palepale. Asubuhi nilipoamka hakuwepo. Alikuwa ametangulia mtoni. Nilipomfuata nikamkuta anafuta mikono kwa tambara, boti iko tayari. Akawasha. Akaingiza gia.

Kimya. Injini tu inaunguruma, gia haisemi neno.

"Unausikia ule mlio?" akaniuliza.

"Siusikii."

"Basi ndiyo hivyo, mwenzangu. Ilikuwa inataka oili mpya tu. Sasa usiifungue mpaka mavuno yaishe. Gia si sufuria ya maharage, kila saa unafunua kutazama."

Nilicheka. Tukashikana mikono juu ya maji, nikampa shamba la baba.

Masika yakaanza vizuri. Lakini tangu wiki iliyopita naingiza gia mbele, injini inaunguruma, boti imetulia tu kama mtu aliyeitwa akajifanya hasikii, halafu inaondoka kwa kushtuka. Ijumaa ilichelewa tukiwa katikati, maji yakaanza kutusukuma upande wa viboko. Bibi mmoja aliyekuwa na kapu la machungwa akanigeukia.

"Baba, umeiambia twende au umeiambia tukae?"

"Nimeiambia twende, bibi."

"Basi mwambie tena, huyo kiziwi wako. Mimi machungwa yangu hayajui kuogelea."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, huku nikiitoa gia na kuiingiza tena. Ikashika, tukafika. Usiku ule nilijiambia kosa ni langu. Yeye aliendesha misimu yote bila kuchelewa, mimi nimeipata juzi. Labda naingiza gia kwa nguvu. Labda sisubiri injini ipungue kasi. Nilikuwa namtafutia gia kila sababu isipokuwa ile yenyewe.

Leo asubuhi nikaamua kubadilisha oili, ingawa mavuno bado. Nilijisikia kama ninamvunjia neno lake. Nilinunua oili nyekundu, ile nyepesi wanayoweka kwenye usukani wa magari, kwa sababu mwenyewe aliniambia gia ya boti hii inakunywa hiyo. Niliwasha injini nikaiacha iungurume kidogo ikiwa imefungwa kwenye mti, maana oili ikipata moto inakuwa nyepesi, inatoka na uchafu wake. Nikazima. Nikafungua sanduku, nikachomoa kijiti cha kupimia, nikaingiza mpira mwembamba kwenye tundu lake. Huo mpira nimeufunga kwenye bomba la sindano ya ng'ombe nililopewa na Mmasai mmoja ninayemvusha. Unavuta, oili inapanda, unamwaga kwenye dumu. Ni kazi ya mikono kuchafuka tu, haina ujuzi mkubwa.

Nilivuta, haikupanda. Nikadhani mpira umejikunja. Nikautoa, nikaupuliza, nikarudisha. Ukapanda uji mweusi kidogo, halafu ukakwama tena. Nikaona hakuna njia nyingine ila kufungua bolti ya chini, ambayo hakuna anayeipenda, kwa sababu lazima ulale kifudifudi, mkono mmoja kwenye maji machafu yaliyotuama tumboni mwa boti, na spana inateleza. Bolti ikalegea. Sikupata oili. Nilipata mabonge.

Kitu cha kwanza nilichofikiri ni maji. Nilishaambiwa maji yakiingia kwenye gia, oili inakuwa kama chai ya maziwa. Hii haikuwa hivyo. Ilikuwa nyeusi, nzito, inavutika, na ndani yake nyuzinyuzi. Ilikuwa na harufu ya kuungua, na chini ya harufu hiyo nyingine niliyoijua lakini sikuweza kuitaja. Nilikaa pale nikiinusa mikono yangu kama mjinga. Nikajaza kwenye chupa ya maji, nikaifunga kwenye tambara, nikaenda nyumbani.

Mke wangu alikuwa barazani anapanga mafungu ya mchicha. Nikampa chupa bila kumwambia chochote. Sikutaka kumpa wazo langu, na kwa kweli sikuwa nalo. Akanusa. Akamimina kidogo kwenye kiganja, akasugua kwa vidole, akatazama.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye gia."

"Hii ni ndizi."

"Ndizi gani kwenye gia, mama?"

"Wewe baba, mimi nimezaliwa chini ya migomba. Ndizi ikipondwa ikapikwa ikapikika, kila kitu kinapotea, zinabaki hizi nyuzi. Tazama." Akazinyoosha kati ya vidole. "Kama ni kipukusa au kisukari siwezi kuapa."

Akaweka chupa chini. Akafuta kiganja kwenye mchicha ulionyauka, taratibu, kidole kimoja kimoja. Nikaona jambo linamfikia usoni kabla halijanifikia mimi.

"Zile za mama," akasema.

Kwa asiyejua: gia inayolia ukiijazia kitu kizito kinacholainika, inanyamaza. Meno yake yaliyoliwa yanapata godoro. Hiyo ni mbinu ya watu wanaotaka kuuza gari bovu, niliwahi kuisikia kwenye vijiwe nikadhani ni hadithi za mafundi. Inanyamaza kwa muda. Halafu lile godoro linaungua, na kinachobaki kinakwamisha kila kitu.

Nilijaribu kumtetea. Nilimwambia mke wangu labda aliyemuuzia kule pwani ndiye aliyeweka. Akaniuliza, basi kwa nini ililia wiki nzima kabla ya kukabidhiana, ikanyamaza asubuhi ya siku ileile? Nikasema labda kuna fundi alimpa kazi hiyo. Akaniuliza fundi gani anafungua duka alfajiri. Nikasema labda hakujua kama ni vibaya. Hapo akachukua beseni lake akaingia ndani.

Mchana nilirudi mtoni. Nikaosha gia kwa dizeli, nikamwaga, nikaosha tena mpaka dizeli ikatoka bila nyuzi. Nikajaza oili nyekundu mpaka kwenye alama ya kijiti. Nikawasha, nikaingiza mbele. Ikashika palepale. Na ikalia. Ililia kuliko ilivyokuwa ikilia zamani, mpaka watu waliokuwa wakisubiri upande wa pili wakasimama. Nilivusha safari za jioni na ule mlio, na hakuna aliyenitania.

Usingizi sikupata mwingi. Jumatano, yaani leo ninapoendelea kuandika, nilifunga boti, nikachukua chupa, nikapanda basi. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi, Segera tukasimama sana, nikafika Mkata karibu na adhuhuri.

Shamba la baba nililitambua kwa safu ya mikonge ya mpakani, ambayo baba aliipanda mwenyewe. Upande wa barabarani mihogo ilikuwa imeng'olewa. Mahali pake zilisimama nguzo mpya za banda, na kila nguzo imepakwa oili chini kuzuia mchwa. Mwenzangu alikuwa juu ya ngazi anapigilia papi za paa. Aliponiona akatupa nyundo chini kwa furaha. Naandika furaha, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sidhani kama aliigiza.

"Ee! Mzigua aliyegeuka Msambaa wa mtoni huyo! Umekuja kuhakikisha shamba halijatoroka?"

"Nimekuja kukuona."

"Umekonda. Hawakupi ugali huko, wanakupa ndizi tu?"

Mkewe akatoka na maji ya kunywa, akapiga goti kidogo. "Shikamoo shemeji. Za Korogwe?"

"Marahaba. Nzuri, mama. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, wako shule. Utakula hapa, nisisikie habari ya basi."

Akarudi jikoni. Tulikaa juu ya magogo, wawili, kama inavyotakiwa. Alinieleza kuhusu banda: huku atauza chakula cha abiria, kule soda na maji. Alionyesha kwa mkono, na mimi nilifuata mkono wake nikiona mahali alipokuwa akikaa baba akimenya mihogo. Nilipitisha macho kwenye zile nguzo. Oili iliyopakwa ilikuwa na wekundu kwa mbali.

"Hiyo oili?" nikauliza.

"Ya boti ile ile. Nilipoitoa sikumwaga kitu. Mchwa wa hapa unawajua."

Nikafungua tambara, nikampa chupa. Akainyanyua kwenye jua kama mtu anayekagua asali. Akaigeuza, akaangalia zile nyuzi zinavyoshuka.

"Umefungua," akasema. "Nilikwambia mavuno yaishe."

"Ulijua kilichomo?"

"Nilikiweka mwenyewe, nitaacha kukijua?"

Njia nzima kwenye basi nilikuwa nimejiandaa kwa kukana. Nilikuwa na maneno ya kumjibu akisema ni fundi, maneno ya kumjibu akisema ni mtu wa pwani, hata maneno ya kumsamehe akisema hakujua. Kwa kukiri sikuwa nimejiandaa. Nilibaki na jambo dogo kuliko yote.

"Zilikuwa ndizi za mama mkwe wangu."

"Zilikuwa zimeiva mno," akasema. "Kesho yake zingeoza." Hakusema kwa dharau. Alisema kama fundi anayekueleza kwa nini ametumia mbao hii na si ile.

Basi likapita, likapiga honi, mtu mmoja dirishani akampungia mkono. Akampungia na yeye.

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza. "Mto mzima ule, watu wangapi walikuwa wanaitaka boti."

Akafikiri. Nampa haki yake, alifikiri kweli, hakukurupuka.

"Sasa ningempa nani? Mgeni angenipeleka polisi. Mtu wa pale Korogwe angenitangaza mpaka msikitini. Wewe nilijua utakuja peke yako, na kachupa kako, umekafunga kwenye kitambaa."

Nilitazama lile tambara magotini pangu. Nilikuwa nimelifunga vizuri, kwa fundo alilonifundisha mke wangu.

"Na mimi ndivyo nilivyoipata," akaendelea. "Kule pwani walikuwa wameweka unga wa mbao. Nikanyamaza, nikaendesha. Na wewe utaendesha. Ukiizoea hutasikia hata huo mlio."

"Nirudishie shamba. Chukua boti yako."

"Na hizi nguzo?"

"Ng'oa."

Akacheka kidogo, akanipiga begani. "Boti siitaki, mwenzangu. Nisikudanganye."

Nikasimama. Nikasema jambo ambalo tangu kutoka jandoni sijawahi kumwambia mtu yeyote wa rika letu. Nikasema, "Nakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji."

Hakusimama. Alinyoosha tu mkono upande wa pili wa barabara. "Yule pale, amekaa kwenye benchi la fundi cherehani. Nenda. Mwambie tuliingia wote, tukatoka wote, na leo umenileta mbele yake kwa ajili ya ndizi."

Nikachukua chupa, nikaifunga tena kwenye tambara, nikavuka barabara. Mwenyekiti aliniona, akanitambua, akasogea kwenye benchi kunipisha. "Mtoto wa marehemu! Karibu. Za masiku?" Nikasema nzuri. "Umekuja kuangalia maendeleo ya mwenzio?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Anafanya vizuri. Mzee wako angefurahi, shamba halikwenda kwa mtu baki." Chupa ilikuwa mkononi mwangu, imefungwa. Akaitazama, nadhani alidhani ni dawa. Nikamuuliza habari za afya yake. Akanijibu kwa kirefu, nikamsikiliza yote, nikaaga.

Sijui kwa nini sikusema. Ningependa kuandika kwamba niliheshimu tuliyofundishwa. Huenda niliogopa tu kuonekana. Vyote viwili vinafanana ukivitazama kutoka ndani, na mimi ndiye niliyekuwa ndani. Ninachojua ni kwamba yule pale juu ya magogo alikuwa amenipima kabla sijafika, na kipimo chake kilikuwa sawasawa. Hilo ndilo linalouma kuliko gia. Lile fundisho la kibandani nililibeba miaka yote nikidhani ni ukuta wa kutukinga sisi wawili. Yeye aliliona ni mahali pa kujifichia, akajificha, na akaniacha mimi nilinde mlango.

Nilipokuwa kituoni nasubiri gari, mkewe akaja mbio, kanga inamdondoka, amebeba mfuko.

"Shemeji! Unaondokaje bila kula? Chukua basi hii mihogo. Ni ya kwenu hii, ile ya upande wa nyuma, mitamu."

Nilimtazama usoni nione kama anajua. Sikuona kitu. Nahukumu kwamba hajui, na nikikosea Mungu anisahihishe. Mikono yake ilikuwa na udongo mbichi, alikuwa ameing'oa saa ileile kwa ajili yangu. Kuikataa kungekuwa kumwadhibu yeye kwa kosa la mumewe. Kuipokea kulikuwa kupewa zawadi ya kitu changu. Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema asante.

Nimefika Manundu jua linazama. Mke wangu aliniangalia, akaangalia mfuko, hakuuliza kama nimemshitaki. Alinipa habari: kuna mtu kutoka upande wa Handeni alifika mchana, amesikia kuna boti, wana bwawa kule anataka kuvulia. Ameiuliza bei. Amesema atarudi kesho kuijaribu.

"Ulimwambia inalia?"

"Hakuuliza."

Tukashika kazi. Yeye anamenya mihogo, mimi napasua kuni. Pembeni ya mlango lilikuwapo kapu lake la biashara, na juu kabisa ndizi ambazo hazikununuliwa leo, zimeanza kuwa na madoa.

"Ndizi zipo," akasema.

Alisema bila kuinua macho kwenye kisu. Nimeishi naye miaka mingi, na bado sijui kama alikuwa ananitania, ananijaribu, au alimaanisha. Nikiwa mwadilifu, lazima niandike kwamba nililifikiri. Si kidogo. Nililifikiri kwa muda wa kupasua gogo zima. Nilimwona yule mtu wa Handeni, nisiyemjua hata sura, amesimama kwenye maji, namuuliza, unausikia ule mlio? Na yeye ananijibu, siusikii.

"Kesho akija," nikasema, "nitaiwasha aisikie. Akiitaka na mlio wake, achukue. Asipoitaka, nitavusha watu, na kabla hawajapanda nitawaambia gia ni mgonjwa, na nitaweka makasia mawili na kamba ndefu."

"Watacheka."

"Wacheke."

Akatikisa kichwa. Sikuweza kujua kama ni kukubali au ni kunihurumia. Kisha akazichukua zile ndizi zenye madoa, akampelekea jirani mwenye watoto wengi, akarudi na kapu tupu.

Naandika haya bila jina la mtu. Kuandika si kushitaki, nadhani. Kama ni kushitaki, basi nimeshavunja, na aibu na inishike.

Jioni hii tumekula mihogo ya shamba la baba, ya kuchemsha na chumvi, pamoja na mchicha ambao haukuuzika. Mke wangu aligusa kidogo tu. Mimi nilikula mpaka sahani ikabaki tupu. Ilikuwa laini, haina uchungu hata kidogo, kama shemeji alivyosema.